Msalaba wa Clever

Gwantwa, mchora mabango wa mji mdogo wa Mpemba, jirani na Tunduma, aliijua vizuri rangi ya unga inayong'aa gizani. Chembe zake hupokea mwanga wa jua, chembe nyingine zilizochanganywa humo huushika, kisha mwanga hutoka polepole gizani. Ndiyo maana Felista, aliyefiwa na mwanawe Clever, alimwomba aandike kwa rangi hiyo jina la mtoto huyo kwenye msalaba wa kaburi. Clever alikuwa mtoto wa miaka sita, na aliogopa giza.

Lakini Gwantwa alisahau kusema kwamba msalaba uanikwe juani. Ndugu waliufunga kitenge, kama wafanyavyo siku zote, wakausafirisha hivyo hadi kijijini Kamsamba kwa mazishi. Ulifunguliwa kaburini jua likiwa limekwishazama.

Haukung'aa.

"Rangi ya Tunduma hiyo, shemeji," mjomba mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Inawaka dukani tu."

Gwantwa, aliyekuwa amekuja kuzika pia, alisikia. Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akamulika herufi moja moja. Alipoizima, jina likasimama gizani, kijani hafifu.

"Litafika asubuhi?" Felista akauliza.

Gwantwa angeweza kumdanganya. "Hapana, Mama Clever. Mwanga wa simu ni mdogo, litafifia sasa hivi. Kesho likishiba jua, litawaka usiku."

"Kesho," alisema Felista. "Na leo je?"

Akaichukua simu mkononi mwa Gwantwa, akaketi kwenye udongo mbichi, akaanza kumulika upya, kuanzia herufi ya kwanza.