Kabureta ya Shemeji

Nilikuwa sili sahani moja na mume wangu. Majirani zetu mtaani Waithaka walidhani nina maringo, lakini ukweli ni kwamba nilimwonea kinyaa. Kila asubuhi alichomoa mpira wa petroli kwenye lori, akautia mdomoni na kunyonya mpaka petroli ije, kisha akauchomeka kwenye kabureta ili injini iwake. Pampu ya kuvuta petroli ilikuwa imechoka zamani. Halafu aliingia ndani akitema mate na kunywa maziwa ya mtoto, kwa sababu kaka yake alimwambia maziwa yanaosha petroli tumboni. Yaoshe nini? Midomo ilimbabuka, na akicheua nyumba nzima ilinuka.

Lori lilikuwa lao ndugu wawili, wakibeba mawe ya kujengea kutoka Kabiria hadi Westlands. Mnyonyaji alikuwa mmoja tu. Shemeji kazi yake ilikuwa kukaa kwenye usukani, kioo kimefungwa, akingoja.

Injini ilipokufa kabisa, niliona Mungu amenikumbuka. Jumamosi nikawafuata mjini bila kualikwa, kwa muuza injini kuukuu karibu na River Road, mzee wa Pwani mwenye kofia safi. Alikuwa na mbili: ya petroli yenye kabureta, na ya dizeli yenye pampu na injekta. Ya dizeli ilikuwa na kishikio kidogo. Ukikisukuma kwa kidole gumba, mafuta yanapanda yenyewe. Nilikisukuma mwenyewe, nikataka kulia.

"Hapana," shemeji akasema. "Hiyo ikiharibika kwa njia, nani atafungua? Lazima tutafute fundi ya pampu huku tao. Kabureta mimi nafungua na spana moja, napuliza, twende."

Mume wangu ndiye mdogo. Kwao mdogo hambishii mkubwa mbele ya watu.

"Mwataka kuisikia hiyo ya petroli ikiunguruma?" mzee akauliza. Aliweka debe la petroli juu ya pipa, akatumbukiza mpira, akatunyooshea ncha ya pili. Shemeji akaipokea, na bila hata kugeuka akampa mume wangu. Naye, masikini, akafungua mdomo.

Nikaunyakua ule mpira. "Shemeji, injini umechagua wewe. Nyonya wewe."

Mzee akatazama viatu vyake. Shemeji hakutaka kuaibishwa na mwanamke, basi akautia mdomoni na kuvuta kwa nguvu zote, vile wazee wa kwetu wanavyovuta pombe ya busaa kwa mrija. Petroli ikamjaa mpaka puani. Alikohoa, akatapika chai na mandazi mbele ya duka la watu, machozi yakimtoka.

Alipopata sauti, aliuliza bei ya ile ya dizeli.

Mume wangu alikuwa amenyonya miaka yote ile na hakuna aliyeuliza bei ya chochote. Nilimwangalia shemeji akijifuta kidevu, nikamchukia.