Kilima Nilichokichagua Mimi

Juzi nilirudi nyumbani kisiwani Rusinga kwa likizo, nikakuta watu wanachimba mawe kwenye kile kilima nilichokuwa nikilishia mbuzi wa nyanya yangu. Nusu yake imekwisha. Nilisimama pale chini, na wivu wangu wa darasa la sita ukanirudia wote.

Mwaka ule mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na redio ya kuongea na watu wa mbali, bila simu wala bando, na leseni yake halali. Alitaka kuipandisha mlimani Jumapili. Akasema atakayemwonyesha kilele kizuri ataongea wa kwanza. Darasa zima likapiga kelele: "Kwa busta, mwalimu! Netiweki imejaa!" Alicheka mpaka akafuta macho. Huo mnara wa simu, akatuambia, ungemjazia mvumo tu.

Mimi nilipajua mahali. Kwenye kile kilima cha mbuzi hakukuwa na nyaya za stima, na ziwa lilikuwa wazi pande tatu. Lakini kuinua mkono mbele ya watu? Nilimnong'oneza binamu yangu aliyekaa karibu nami. Yeye huyo akaruka: "Mwalimu! Mimi najua!"

Baada ya misa tulipanda, sisi watatu. Nilibeba viazi vitamu vya nyanya, vya moto bado, vikinichoma mgongo. Mwalimu alitundika waya kwenye mgunga, akaunganisha betri aliyoazima kwa jirani wa bodaboda. Mvumo, mvumo, kisha mwanamume akaitika kutoka Uganda! Binamu akashika maiki: "Habari ya huko? Sisi tunakula viazi!" Yule mtu akacheka, tukamsikia kabisa.

"Huyu ana jicho la milima," mwalimu akasema, akimtazama binamu.

Jicho! Nilikuwa nimekaa kando ya betri. Nikavuta waya mmoja, kidogo tu, na sauti ikakatika.

"Nilijua, betri ya kuazima," mwalimu akaguna. Akanigeukia. "Pole, nyathina, mwanangu. Zamu ilikuwa yako sasa."

Waya ulikuwa bado karibu na vidole vyangu. Sikuurudisha.

Muhula uliofuata mwalimu alihamishwa Migori, akaenda na redio yake. Binamu bado huwasimulia wageni siku ile, na bado namwonea wivu. Akimaliza hunishika bega: "Huyu naye alikosa kidogo tu, maskini." Mimi hutabasamu na kwenda kuongeza maji ya chai.