Turubai la Nyungwe

Kosa langu lilikuwa kufurahi. Juzi, sokoni Gisozi, harufu ya turubai jipya ilinirudisha kwenye alasiri ile ya utotoni, nyumbani Kabeza. Papa alikuwa ameahidi kutupeleka msitu wa Nyungwe, tulale hemani, tuone nyani. Kwa hiyo mama alipoanza kufunga sufuria na maharage, mimi nilikunja turubai, nikalikunjua, nikalikunja tena mpaka pembe zikalingana.

"Papa, nyani wanakula maharage?"

"Watakula. Panda gari, mwanangu."

Mama alimpa jirani kuku wote. Nilidhani atawalisha mpaka tutakaporudi.

Turubai lile tulilitandaza kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mpaka, likachakaa juu yetu. Nyungwe sijafika. Siku hizi, kabla ya kufunga mzigo wowote, nauliza kwanza tunarudi lini.