Bibi Yangu Hakunyonya Damu

Nilipokuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani pale Kengeja, miaka michache kabla ya Mapinduzi, watu wa kwetu walimfukuza bibi yangu kwa sababu ya ugonjwa wa figo. Wao hawakusema figo. Walisema uchawi. Sasa mimi ni mzee, na hasira ya jambo lile haijanitoka.

Mdogo wangu Maryam alikuwa mtoto wa mbio na kelele. Halafu akaanza kupauka. Asubuhi aliamka uso umevimba, na kabla jua halijapanda keshachoka, kajilaza ukumbini kama mtu mzima aliyetoka kulima. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Bibi Kazija, mama yake mama, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alimlisha maini, mchicha, mchuzi wa samaki, huku akimbembeleza, "Kula, mwanangu, damu irudi."

Baba alimpeleka hospitali. Huko walisema damu yake ni chache, wakampa dawa ya kuiongeza. Aliinywa ikaisha, akapewa nyingine. Damu haikuongezeka. Hapo ndipo watu walipogeuka. Dawa anakunywa, chakula anakula, basi damu inakwenda wapi? Majirani wakaanza kumtazama Bibi, ambaye kwa umri wake alikuwa bado na nguvu za kulima na kutwanga. Mzee ananawiri, mtoto anakauka. Kwetu iliaminika kwamba anayeingia chama cha wachawi hudaiwa mtu wa damu yake mwenyewe, na huyo hunyonywa kidogo kidogo.

Mganga akaitwa. Alikaa juu ya mkeka wetu, akanywa kahawa yetu, akafukiza ubani, akasema, "Mtoto huyu ananyonywa. Na anayemnyonya analala humu ndani."

Hakutaja jina. Hakuhitaji.

Baba alimgeukia Bibi. "Mama, nakuomba uende kwenu."

"Mie?" Bibi alisema. "Mie ndiye ninayemlisha!"

"Ndiyo hivyo. Huo mkono unaomlisha ndio watu wanaousema."

Bibi akamtazama mama, mwanawe wa pekee. Mama akainamisha kichwa. Nilisubiri aseme neno, neno lolote, asiseme. Bibi akafunga nguo zake kwenye kanga, akapanda gari ya abiria kwenda kwao Micheweni, mwisho mwengine wa kisiwa. Maryam alimlilia mpaka sauti ikamkauka.

Kama kweli Bibi ndiye aliyekuwa akinyonya, damu ingerudi. Haikurudi. Lakini hakuna aliyesema tumekosea. Walisema mchawi hasa hunyonya hata akiwa mbali. Angebaki, ni yeye. Kaondoka, ni yeye vilevile.

Maryam akafariki. Bibi alipopata habari alikuja mbio, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Baba akamzuia mlangoni.

"Utanisamehe, Mama. Huyu humgusi."

"Nipisheni nimuoshe mjukuu wangu."

Hakuna aliyempisha. Wanawake aliowazalisha kwa mikono yake walitazama chini. Bibi akakaa uani, mgongo ukutani, akisikiliza maji yanavyomwagika ndani. Maiti ilipotolewa, aliinuka akaondoka. Alikufa hukohuko Micheweni, na jina la mchawi likiwa bado juu yake.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu naye akaanza kuvimba uso na kupauka. Nilimpeleka Unguja, nikaonana na daktari, binti mdogo tu kwangu.

"Figo zake zinaumwa, bibi," aliniambia. "Figo hazitengenezi mkojo tu. Zinatoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Amri isipofika, hata ale maini kila siku, damu haitatosha."

Akachomwa sindano za homoni hiyo, na polepole viganja vyake vikarudi rangi. Mimi nilitoka nje nikalia. Wapitaji walidhani nalia kwa furaha.

Mama alikuwa bado hai. Nilikwenda Kengeja nikamweleza yote.

"Ningesema nini, mwanangu," akasema, "mbele ya wanaume wale?"

"Ungesema hapana, Mama. Hapana tu."

Akajifunika uso kwa kanga. Sikumbembeleza. Mpaka leo sijui kama nilimwonea, na sikumuomba radhi.

Najua vizuri kwamba wakati ule sindano hizo hazikuwepo. Hata kama mtu angetueleza habari za figo, Maryam asingepona. Kufa kwake kulikuwa kwa Mungu, nami nilishakukubali. Lakini kumkalisha bibi yangu uani, asikie maji akiwa hana ruhusa ya kuyashika, kule hakukuwa kwa Mungu. Kule tulikufanya wenyewe.