Mabanzi Hayakutoka kwenye Kanga

Nimeunga mifupa hapa Busi tangu mama yangu alipopofuka akaniachia kazi. Shule niliishia darasa la pili, lakini kila niliyemfunga banzi namkumbuka kwa jina, na baba yake pia. Humu siwataji, wengi wapo hai.

Mjukuu wangu wa kike ni askari. Alikwenda kulinda amani nchi ya jirani, kipande cha bomu kikampasua paja na kuvunja mfupa. Walimfanyia upasuaji kulekule, hemani, kisha wakamleta hospitali Dodoma. Mama yake, binti yangu, akanipigia simu kutoka Nzuguni.

"Mama, njoo na mabanzi yako. Wamemchomeka vyuma mguuni kama antena, na kidonda wamekiacha wazi. Hawajapitisha hata uzi mmoja! Tunamtoa, umfunge nyumbani."

Nikafunga mabanzi kwenye kanga, nikaenda. Mkono wangu nauamini.

Wodini mgonjwa aliponiona akacheka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Babu yako anauliza mguu wake umeuweka wapi."

"Mwambie upo, umetiwa nondo."

Muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji. Nikainama nikanusa kidonda. Binti yangu akageuza uso. Nyama ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuoza.

"Kule hemani walikufanya nini?"

"Daktari alikata nyama yote iliyokufa, akatoa mchanga na vipande vya suruali, akaosha. Alisema akishona siku ileile atafungia uchafu ndani."

Nikamkumbuka mchungaji mmoja. Fahali alimtoboa paja kwa pembe, mfupa ukavunjika. Nilimfunga nikakaza. Juu kidonda kikakauka vizuri, watu wakanisifu, kumbe chini kinaoza. Mguu ulikatwa juu ya goti. Aliyeanguka mtini, ngozi haijapasuka, mlete kwangu. Huyu alikuwa kama yule wa fahali.

"Hatoki," nikasema.

"Mama! Nimekuita umfunge."

"Umemwita fundi, na fundi amesema."

"Na wakimkata mguu?"

"Tukimtoa ndipo atakapokatwa. Niulize mimi."

Nikamweleza habari za yule mchungaji, hapo mbele ya muuguzi, mambo ambayo nyumbani sikuwahi kuyasema. Binti yangu akaketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akachukua beseni, akaenda kumletea mwanawe maji ya kunawa.

Siku chache baadaye daktari alitazama kidonda, akaridhika, akakishona. Vyuma vilikaa miezi.

Msimu uliopita mjukuu wangu alikuja Busi kwa likizo. Anachechemea kidogo, lakini alipanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Majirani wakapiga vigelegele: "Bibi ameunga tena!"

Nikawaambia mabanzi yangu hayakutoka kwenye kanga. Hawakusadiki.

"Waache, bibi," akasema mjukuu wangu akitua ndoo. "Ukiwakatalia, kesho watakuja kunivua sketi wahesabu mishono."