Tumepanda

Dereva mstaafu alijiunga na kikundi cha wagonjwa wa sukari kwa shingo upande, akijua huko ni kufokewa tu. Akamkuta mama mshonaji, tepu ya kupimia shingoni, vidole vina sugu, akishika kidole cha kila mmoja kwa upole wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Anatoboa, anakamua tone, anasoma kipimo, kisha anatamka kwa sauti ileile anayosomea urefu wa mkono wa shati: "Tumeshuka." Au: "Leo tumepanda." Hakuwahi kumwambia mtu umepanda. Siku moja baada ya harusi ya mpwawe, dereva alinyoosha kidole huku macho kayapeleka pembeni. Mama alisoma kipimo, akavua ndala, akavaa raba. "Jamani, leo tumepanda sana. Twendeni." Wakainuka wote, wakauzunguka mtaa kwa mwendo wa bibi mmoja wao mwenye mkongojo. Njiani dereva akatoboa mwenyewe siri ya keki aliyokula harusini, nao wakamtania kwamba wameila wote, ila utamu kaufaidi peke yake.

Tangu hapo hakukosa. Alikuwapo hata asubuhi ile mama alipojitoboa mwenyewe, akakitazama kipimo, akakitazama tena. "Nimepanda," alisema. Dereva alikuwa ameshainama, anafunga kamba za viatu. "Tumepanda, mama," alimsahihisha, na nyuma yake viti vyote vikasogea.