Povu la Dizeli Ndani ya Laga

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya Lodwar alinipa kitambaa, si spana. Nilikuwa nimetoka Kalokol, kwetu watu wa nyavu na samaki, na nilidhani nitaanza kwa kufungua injini.

"Keti hapo," alisema, akionyesha tairi kuukuu. "Leo utatazama. Mkono wa asiyetazama huvunja boliti."

Asubuhi hiyo lilivutwa hadi kwetu lori lililoishiwa dizeli njiani. Dereva alikuwa ameongeza mafuta, lakini injini ilikataa kuwaka. Fundi Mkuu alinieleza sababu. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Pampu kubwa husukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye nozeli, kidude chenye matundu madogo sana kinachoyanyunyiza ndani ya silinda, na joto la hewa iliyobanwa mle ndilo linaloyawasha. Tangi likikauka, paipu humeza hewa. Dizeli haikubali kubanwa; hewa hukubali. Basi pampu itasukuma, hewa itajikunja na kujikunjua, na nozeli haitapata hata tone.

"Sasa utafanyaje?" akaniuliza.

"Naongeza dizeli, napiga starta."

Alicheka mpaka mafundi wengine wakageuka. "Huyu ndiye atakayeua betri zote za Turkana!"

Kisha akanionyesha. Unafuata njia ya mafuta kutoka tangini. Kwenye filta kuna boliti ndogo ya hewa. Unailegeza na kubonyeza pampu ya mkono, na povu linaanza kutoka. Povu likiisha na dizeli ikitiririka safi, unaikaza huku mwenzako akiendelea kubonyeza. Unakwenda kwenye boliti ya pampu kubwa, unafanya vivyo hivyo. Mwisho ni paipu za nozeli, na hapo tu ndipo starta inaguswa. "Mkono kwanza, betri mwisho," alikuwa akisema.

Nilikaa Lodwar miaka mingi. Baada ya Fundi Mkuu kuondoka tulipata Msimamizi aliyependa daftari kuliko magari. Hata kipande cha sabuni kilitiwa sahihi. Baada yake akaja Afisa wa Usafiri, aliyetusemesha sisi kwa Kiingereza na magari yaliyoharibika kwa Kiturkana. Huyo ndiye aliyenihamishia Kakuma. "Huko magari yanakula mchanga," aliniambia. "Nenda ukayatapishe."

Nilikwenda kuripoti nikiwa abiria katika lori la Abdi, msafirishaji wa Kakuma, lililopakia magunia ya unga. Madereva wa wakati huo walikuwa na mazoea yao. Kwa kuogopa wezi wanaonyonya dizeli kwa mpira gari likiwa limelala, waliweka mafuta kwenye mitungi katikati ya mzigo na kuendesha na tangi karibu tupu. Barabara ikiwa tambarare, hakuna neno. Lakini njia ile ilikatwa na malaga, mito ya mchanga isiyo na maji siku nyingi za mwaka. Lori lilipoinamisha pua kuteremka ukingoni, dizeli kidogo iliyokuwamo ilikimbilia upande mmoja wa tangi, na paipu ikavuta hewa. Katikati ya mchanga injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Tulishusha mtungi mmoja, tukajaza. Kabla sijafika mbele, Abdi alikuwa amepiga starta mara nne, nayo ilikuwa imeanza kutoa sauti ya mgonjwa.

Hatua chache kutoka pale, mwanamke alikuwa akichota maji kwenye shimo alilochimba mchangani. Jina lake, nilikuja kujua, ni Akiru.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok-noi." Akainua simu yake. "Ndugu yangu amepiga. Huko juu imenyesha, mto imeshapita kwao. Toeni hiyo nyumba yenu hapa."

Juu yetu hapakuwa na hata wingu moja. Aliyezaliwa Turkana anajua kwamba hilo halina maana. Laga hubeba mvua ya watu wengine.

Abdi alishika usukani kama anayezuia usichukuliwe. Lori lile aliachiwa na marehemu baba yake, na ndilo lililolisha watu kumi na mmoja nyumbani. "Fundi, wewe toka," alisema. "Mimi, wallahi, siliachi."

Nami, niliyekuwa na miaka yote ile ya karakana, nikatanguliza mikono mbele ya akili. Nilitoa hewa kwenye filta, nikalegeza na kukaza paipu za nozeli, lakini boliti ya pampu kubwa niliiruka ili kuokoa muda. Nikampigia Abdi kelele awashe. Injini ilishika, ikatetemeka, ikafa.

"Betri imebakisha mara moja," Abdi alisema. "Kama imebakisha."

Nilimtuma akachimbue mchanga mbele ya tairi. Nilihitaji mtu wa kubonyeza pampu huku mimi nikishika spana. Akiru alikuwa ameshapandisha mitungi yake ukingoni, na sasa alikuwa amerudi.

"Nishike nini?"

Nilimwonyesha. Tulianza upya kwenye filta, kisha pampu kubwa. Alibonyeza polepole, kwa kipimo kilekile kila mara. Povu jeupe likatoka, likapungua. Nikaweka spana. Akausukuma mkono wangu kwa kiwiko.

"Bado. Iko povu."

"Mama, maji inakuja!"

"Najua. Si mimi nimekuambia?" Hakuacha kubonyeza. "Shimo ya maji ukichota haraka, unapelekea watoto matope. Unamwaga ya kwanza, unamwaga ya pili. Unangoja."

Kiputo kimoja. Kingine. Halafu kimya, nikadhani basi, na kikaja kingine kidogo kama punje ya mtama. Halafu dizeli tupu, safi, ikiteremka kwenye vidole vyangu.

"Sasa," alisema Akiru.

Nikakaza, nikamalizia na paipu za nozeli. Abdi akapanda, akasema Bismillahi, akazungusha ufunguo. Starta iligeuka kwa uzito kama punda aliyeelemewa, mara moja, mara mbili, na injini ikawaka kwa moshi mweusi. Tuliparamia ukingo wa pili, Akiru akining'inia mlangoni na kumhimiza Abdi kama anayeswaga ngamia.

Tulisimama juu bila kuzima. Hatukungoja sana. Kwanza ilisikika sauti kama ya mbuzi wengi wakitembea kwenye kokoto, kisha maji ya kahawia yakaja na matawi yake, yakafunika alama za tairi zetu na lile shimo. Abdi alilia bila kujificha. Akiru aliangalia pale shimo lilipokuwa.

"Kesho nitachimba tena," alisema. "Mitungi yangu iko ng'ambo. Mtanikalisha na chai mpaka maji ipungue."

Tulimkalisha. Alituita wazee wa povu jioni yote.

Nilistaafu huko Kakuma, nami nikiwa Fundi Mkuu. Sasa nafundisha asubuhi kwenye karakana ndogo, na wanafunzi wangu wanatoka nchi nyingi. Barabara ina lami, malori mapya yana pampu za umeme na kompyuta, na vijana huniuliza kwa nini nawasumbua na pampu ya mkono. Nawaambia magari yamebadilika, hewa haijabadilika. Wanacheka, lakini wanajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi, na wengi wao tayari wanaitwa na madereva kwa majina.

Juzi Furaha, binti wa Kikongo ninayemtarajia kuwa fundi bora kuliko mimi, aliuliza, "Mwalimu, ni bosi gani alikufundishaka kungoja vile?"

Nilimtajia Fundi Mkuu wa Lodwar, kwa haki yake: yeye alinionyesha boliti zote zilipo. Kungoja, nikamwambia, nilifundishwa na mama aliyekuja kuchota maji.

Akarudi kwenye pampu. Alibonyeza, akatazama, na mwenzake aliponyoosha mkono na spana, akamzuia kwa kiwiko.